Mfuko wa Ndani

Madalali wa mahindi hapa Kibaigwa
wananiuliza, daftari za hesabu kwapani:
"Wewe Mama Nehemia, una akili kweli?
Mtaa mmoja, na kila mwaka
unaachia mafundi wapya watano!
Unajifugia wa kukunyang'anya wateja."
Siwajibu. Nina pini mdomoni,
na mwenye pini mdomoni hujibu kwa nyusi.

Sindano yangu ya kwanza ilikuwa ya magunia,
ndefu kama kidole cha kati, imepinda ncha.
Nilishona midomo ya mahindi ya watu
pale sokoni, mchana kutwa, mshono ule ule:
ingia, toka, vuta, funga.
Kamba ya katani ilinichora viganja.
Hakuna aliyewahi kuniuliza
mimi gunia ningelitaka liweje.

Basi hilo ndilo swali ninaloanza nalo.
Wanakuja na vumbi hadi magotini,
huyu katoka Pandambili, huyu Mlali,
wanakaa kwenye benchi kama walioitwa polisi.
Nawapa kipande cha mfuko wa unga na chaki:
chora nguo ambayo hujawahi kuiona.
Wanaangaliana. Wanacheka.
Wote wanachora gauni la mke wa mchungaji.
Sawa. Tunaanzia hapo hapo.

Tunakanyaga. Cherehani moja inakimbia,
nyingine inakohoa, bobini inajisokota,
upepo wa Agosti unaingia bila hodi
unazirusha karatasi zangu za vipimo
mpaka kwenye mashudu ya alizeti ya jirani.
Fumua. Shona. Fumua tena.
Miezi sita hivyo.

Kisha Damari, binti wa Chidawali,
yule aliyeniharibia kola tatu mfululizo,
akaniletea sketi ya mama yake, muuza karanga stendi.
Nikaigeuza. Mfuko kaushona kwa ndani,
chini kabisa, karibu na pindo,
mahali ambapo hapajawahi kukaa mfuko
tangu watu waanze kuvaa.
Nikachukua wembe.
Nilikwisha kufumua nyuzi tatu.

"Mwalimu, subiri. Mama ana beseni kichwani,
mikono yote miwili iko juu.
Wezi wa stendi wanakijua kiuno,
kifua wanakijua.
Mguu bado."

Nikauweka wembe mezani.
Miaka kumi na tisa nafundisha mfuko:
pembe, upana, mdomoni rudia mara mbili,
na siku zote hizo sikuuliza hata mara moja
mfuko unamwogopa nani.

Mkitaka jibu, madalali, lilikuwa pale mezani.
Ada nalipwa kwa debe la mtama,
kuku mwenye kideri,
na ahadi za baada ya mavuno ambazo mvua inazijua.
Lakini inakuja dakika, haiji kila mwaka,
mkono niliouongoza mimi mwenyewe
unashika njia ambayo wangu haukuijua,
na mimi, na futi yangu shingoni,
ghafla nimekaa kwenye benchi
na vumbi hadi magotini.
Kwa dakika hiyo
ningefundisha hata kwa sindano ya magunia.

Zile nyuzi tatu nilizirudisha mwenyewe,
kwa mkono, kwa uzi mwekundu juu ya kijivu.
Damari alisema zinaharibu kazi yake.
Alikuwa na haki. Nikaziacha.

Mwaka huu kafungua chumba chake, ng'ambo ya barabara,
nikiwa mlangoni nawahesabu wateja wake.
Wawili walikuwa wangu. Iliniuma, sisemi uongo,
iliniuma mpaka saa sita hivi.
Jumamosi nikavuka na kitenge changu.
Alinipima bila haya, akaandika kiganjani,
akazunguka nyuma yangu kama ninavyozunguka mimi,
kisha akatoa pini mdomoni:
"Mwalimu, na wewe pesa zako
huwa unamficha nani?"