Mchonga Mihuri wa Ndia Kuu

Herufi za muhuri huchongwa kinyumenyume
ili nchi isomeke sawa ikigongwa karatasini.
Hilo nilifunzwa na ami yangu Shebwana
mwaka ule maili kumi za pwani zilipopewa bendera,
tukalala Mombasa, tukaamka mumo humo,
na watu wa Mazeras wamekuwa wageni.

Kazi yangu ya kwanza: MWAMBAO.
Herufi saba. Sita hazijali kushoto wala kulia,
zigeuze utakavyo, ni zilezile.
B peke yake ndiyo yenye mgongo na kifua.
Niliichonga mara tatu, nikajikata kidole mara mbili.
Ami akasema, "Nti haikosi mtu wa kuitolea damu.
Funga kitambaa, endelea."

Ikaja Katanga. Ikaja Barotse, Biafra, Buganda,
ikaja Kabinda kwa barua ya haraka
na malipo ya noti za nchi nne, mbili zimeshakufa.
Redio ya saa moja ilisoma nchi mpya
kama inavyosoma matangazo ya vifo:
jina, ukoo, na mahali watu watakapokutana.
Bara lilikuwa mkate wa mofa uliofika kwenye njaa,
kila mkono ukamega, hakuna aliyesema ameshiba.
Zilipofika mia na kumi na mbili niliacha kuhesabu.
Sitasema uongo: nilijenga ghorofa.

Kisha kisu kikaingia nyumbani.
Lamu ilijitoa Jumatatu,
Malindi Ijumaa, kabla ya sala.
Kisauni walilitaka daraja la Nyali lote, wakapewa nusu,
na Chengo muuza mbaazi akawa analipa ushuru
kuvusha sufuria moja iende kuyakuta mahamri ya Kibokoni.
Mahamri yalipoa yakisubiri.
"Fundi," aliniambia, "nichongee muhuri wa sufuria.
Nayo ina ukingo, ina moto ndani, imekosa nini?"

Likoni ikafuata Kusini.
Kivuko kilekile, maji yaleyale,
ila sasa kuna dirisha, nyuma ya dirisha kijana,
nyuma ya kijana picha ya rais,
wa tatu mwaka huo.

Dada yangu Mauwa aliolewa Mtongwe
wakati kuvuka kulikuwa kuvuka tu.
Alifariki alfajiri ya Alhamisi.
Simu ilisema: anazikwa baada ya adhuhuri.
Kibali cha kuingia huchukua siku tatu,
na maiti hajui siku za kazi.

Nilivuta droo. Bara zima limo humo, limelala kifudifudi,
na hakuna hata muhuri mmoja wa ndugu.
Nikakata kisigino cha ndara yangu,
nikakaa kibarazani, nikachonga: MAUWA.
Herufi tano. Hakuna iliyohitaji kugeuzwa.
Niliugonga katika pasi, nikatoka mbio
mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

Wino ulikuwa mbichi nilipofika dirishani.
Kijana alikunja uso, akafungua daftari la nchi,
akapekua, kurasa zimebandikwa juu ya kurasa.
"Hii mpya?"
"Ya leo asubuhi."
"Mji mkuu?"
"Mtongwe, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani.
Utawakuta watu wamekaa nje kwenye majamvi."
Alinitazama usoni, akatazama ndara.
Akaliandika jina taratibu, chini kabisa ya orodha,
akaliuliza mara mbili lisije likakosewa.
"Pita, mzee."

Jioni narudi, udongo ungali kuchani,
dirishani kuna kijana mwingine.
Akapekua, akalipata.
"Vipi huko?" akauliza, huku akigonga.
"Kumetulia," nikasema.