Samadi

Saa kumi alfajiri nipo mnadani Pugu,
guta nimeliegemeza ukutani, koleo mkononi.
Malori yameshusha ng'ombe usiku kucha,
wamesimama na usingizi wa barabara machoni.
Mimi siuzi, wala sinunui.
Nazoa wanachoacha.

Magunia manane nikiyabana vizuri.
Gongo la Mboto breki zinanuka kuungua,
Vingunguti nasukuma kwa miguu,
na kabla jua halijakaza nipo bondeni Kigogo
kwa Bi Sikudhani, anayelipa kwa sarafu na matusi.

Mnadani hakuna anayejua mimi ni mtu wa Kilosa.
Mwaka ule vuli ilikataa kabisa,
ng'ombe wakavuka Mkondoa usiku
wakala mahindi yangu yameshaota ndevu,
ekari mbili na robo,
na asubuhi tukatafutana kwa mapanga.
Kovu ninalo mkononi.
Wakiuliza, nasema ni mnyororo wa guta.

Jumanne hii kaja Gidahoda,
shuka la zambarau iliyopauka, ng'ombe kumi na mmoja,
wanene, nyonga za mviringo.
Madalali wakamcheka:
nani anauza wakati nyama bado iko juu ya mfupa?
Akasema, "Mwaka juzi nilingoja.
Nikauza ngozi."
Alilitamka neno hilo taratibu,
kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Tulikaa kivulini mwa lori, akihesabu noti,
mimi nikipumzisha mgongo.
"Alikuja bibi mifugo wa wilaya," akasema,
"kijana, kiatu cheupe, karatasi ya utabiri mkononi.
Akatuambia: punguzeni kabla mvua haijawapunguzia.
Baba yangu angemfukuza kwa fimbo.
Mimi nilimpa kigoda.
Sikulala siku nne, nikichagua nani aende.
Yule mwenye baka, kule mwisho,
mama yake alilipa mahari yangu."

Nikauliza anatokea wapi.
"Upande wa Kimamba."
Koleo likaniponyoka.

Akaniangalia ninavyoliokota.
"Wewe umelima," akasema.
"Mabua mkishavuna mnapeleka wapi?"
"Tunachoma."
Akafunga noti kwenye kitambaa, fundo moja, fundo la pili.
"Mnachoma," akasema. Basi.
Hakuongeza kitu, na mimi sikuwa na la kuongeza.
Moshi wa Septemba wote ukanijia puani,
miaka yote ile, vilima vyote vile,
na ng'ombe wamesimama ng'ambo ya mto, wanaunusa.

Bondeni nilimkuta Bi Sikudhani akipanda kwenye viroba.
Matuta yake Msimbazi umeyabeba mara tatu,
mara ya mwisho pamoja na ndoo na kandambili moja.
"Sasa na uje," anasema,
"utakuta shamba limeshapanda ngazi."
Viroba arobaini vya mchicha na matembele,
na wajukuu waliokwisha kufundishwa
kila mmoja atabeba vipi, aanze na kipi.
Akachota samadi kwenye kiganja, akainusa.
"Hii ya leo imekula nyasi nzuri. Ya nani?"
Nikasema, ya mtu wa kwetu.
Nikajisikia nimelisema.

Usiku nikampigia Mwanne, dada yangu.
Shilingi mia nne kwenye simu.
Nikamwambia, mwaka huu msichome mabua.
Yakateni, yafungeni, yawekeni pasiponyesha.
"Ya nini? Mchwa?"
Kuna mtu atakuja kununua.
Atakuja mchana, kwa njia, atabisha hodi.
Mwanne akanyamaza. Nikasikia mbwa wa jirani,
nikasikia mlango wa bati tulioukomea pamoja mwaka ule.
"Mtu gani?" akauliza.

Salio likakata.