Ruhusa ya Ukuta

Wiki mbili nilizoomba bandarini
nilisema ni za kupaka ukuta rangi.
Kopo lipo. Limekuwa kigoda
cha kikombe changu cha kahawa.

Jumatatu nilidarizi viua kumi na kimoja,
Jumanne nikafumua tisa.
Mishi akanichungulia:
"Hiyo ni kofia ama kawa?"
Nikacheka, uzi mdomoni.

Usiku stima zilipopotea Mikindani nzima
tulicheza keram kwa kurunzi,
nikafungwa na mtoto wa darasa la tatu,
mara mbili.

Siku nyingine sizikumbuki. Mbaazi, mahamri,
redio ya jirani ikitangaza tanzia za nisiowajua,
nami nikiwaombea, sindano mkononi.

Kesho kazini.
Kofia imebakisha viua vitatu.
Desemba nitaomba ruhusa tena.
Sababu: ukuta.