Mlango wa Mbele

Miaka kumi na mmoja nimeijua hoteli hii kwa kisogo chake:
mlango wa jikoni, ndoo ya maganda,
mizani iliyofungwa kwa waya,
na Mama Kaniki akizipima karoti zangu mara mbili,
mara ya kwanza kwa kuniamini.

Leo nimevaa koti.
Mwantumu kaja na viatu vya harusi ya mdogo wake,
kavibeba mkononi kutoka bondeni,
akavivaa tulipofika kwenye ngazi za mawe,
ameniegemea begani, mguu mmoja hewani.
Ukungu wa Magamba ulikuwa umeshuka hadi dirishani,
unachungulia wanaokula.

Hoza ndiye aliyetupokea.
Hoza huyuhuyu niliyemfukuza juzi kwenye mifyulisi yangu,
shati limemtuna kwa matunda.
"Karibuni sana, bwana na bibi. Meza ya wawili?"
Nikamtazama. Akanitazama.
Tukakubaliana kutojuana.

Meza ni ubao wa mkaratusi usioijua randa.
Kila kiti kina blanketi lake.
Katikati, mshumaa.
Mwantumu akaninong'oneza: "Luku imewaishia?"
Hapana, nikamwambia, wageni ndivyo wapendavyo,
giza kidogo, waonane nusunusu.
"Sisi tumeonana nusunusu miaka yote," akasema,
"na hakuna aliyetutoza."

Ukutani moto unanguruma.
Akahesabu magogo: manne, manene, ya muwati mkavu.
"Hapo pana wiki nzima ya maharage."
Lakini nilimwona akiichomoa miguu kwenye viatu,
taratibu, chini ya meza,
akaielekeza kwenye hasara ileile.

Hatukuwa na la kusema.
Tangu Januari, kitinda mimba alipokwenda bweni Korogwe,
tumekuwa tukiongea na mbuzi.
Tukamwongelea mbuzi.
Mbuzi akaisha.
Supu ya liki ikaja, ikatuokoa,
na mkate mweusi mzito wenye mbegu, na jibini
aliloligusa kwa ncha ya ulimi, uso umekunjamana,
akalimaliza,
kisha akaanza kulitazama la kwangu.

Halafu kondoo, na karoti.
Mwantumu akaacha kutafuna.
Akainua moja kwa uma, karibu na mshumaa:
imepinda, ina miguu miwili iliyopishana.
"Hii ya shamba la juu," akasema. "Pale penye jiwe.
Jiwe uliloapa kuling'oa nikiwa na mimba ya Sekela."
Sekela ana watoto wawili sasa.
Nikakumbuka bei niliyoiuzia,
nikaona bei iliyoandikwa kwenye karatasi,
nikaigeuza karatasi kifudifudi.
Akaikata karoti katikati, nusu akaniwekea.
Mungu wangu, ilikuwa tamu.
"Ni siagi," nikasema.
"Ni kukaa," akasema. "Hatujawahi kuila tumekaa."

Nikautafuta mkono wake kando ya chumvi.
Kiganja chake kina sugu palepale penye yangu,
jembe moja lilitufunza sote.
Hakuuvuta. Alitazama tu mlangoni
kama Hoza anatuona.
Hoza alikuwa anatuona.
Akageuka kuuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Nikalipa. Sisemi kiasi gani.
Tulipoinuka miguu yangu ikanipeleka jikoni,
kwa mazoea, kwenye ndoo na mizani,
naye akanishika mkia wa koti:
"Huku, baba Sekela. Huku tulikoingilia."

Tukashuka kwa tochi ya simu. Baridi inauma masikio.
Viatu mkononi tena,
na mkono wa pili ameukunja kifuani, ndani ya kanga,
sikuuliza ameficha nini.

Nyumbani umeme ulikuwepo.
Alifungua kanga, akatoa kipande cha mshumaa,
akakisimamisha juu ya kisoda,
akanyoosha mkono ukutani,
akazima taa.