Mlaumu wa Juu

Saa tatu usiku, Łódź, ghorofa ya nne.
Theluji imekaa dirishani kama mgeni asiyeaga
na mimi, dereva wa tramu, niko mezani jikoni
na cherehani ya Ludwika
(sufuria alizibeba zote, hii akaiacha)
na kitambaa cha kahawia
ambacho kesho saa mbili asubuhi
kinatakiwa kiwe kalunguyeye.

Jagna amelala. Kasema miiba isipungue arobaini.
Nimeshona mmoja na nusu.

Juu, mshono umenyooka kama reli.
Geuza: chini kuna kiota,
nyuzi zimekabana koo.
Nikailaani bobini. Nikaitoa, nikaipuliza,
nikaikaza skrubu ya kasha lake kwa kisu cha siagi.
Uzi ukakatika, tap.
Nikalegeza. Kiota kikazaa.

Basi nikampigia Otylia,
mama mkwe, au sijui nimwiteje
mkwe aliyebaki ndoa ilipokwenda.
Miaka thelathini na mmoja kiwandani:
sikio la kushoto lililiwa na mitambo ya kufumia,
la kulia linasikia sindano ikiota kutu.

Hakuuliza habari.
"Weka simu karibu na sindano. Kanyaga."
Nikakanyaga.
Taka-taka-taka-grrr.
Nikamsikia akimeza chai.
"Umegusa bobini?"
"Kidogo tu."
"Kwa bisibisi?"
"Kwa kisu cha siagi."
Akameza tena.

"Sikia, Zenobiusz. Vurugu ikiwa chini, mlaumu wa juu."
"Mungu?"
"Uzi! Uzi wa juu. Vurugu ikiwa juu, ndipo uulize chini.
Penye kelele sipo penye kosa.
Ulipotunga, mguu ulikuwa juu au chini?"
"Mguu wangu?"
"Wa cherehani, mwanangu."

Chini. Ulikuwa chini.
Na mguu ukiwa chini, visahani vinafumba midomo,
uzi unapita nje yake kama abiria asiye na tiketi,
haushikwi na mtu,
unashuka wote kujimwaga gizani.

"Chomoa vyote. Fungua na kibati,
kuna uchafu humo, nausikia."

Nikafungua. Vumbi la nyuzi, tabaka juu ya tabaka:
jekundu la mapazia,
la bluu la shati langu la kazi,
la kijani la lile koti aliloshona wiki tatu
na ambalo humu ndani hakulivaa hata siku moja.
Nikafagia kwa brashi ya rangi ya Jagna.
La kijani nilikawia kulitupa.

"Umenyamaza."
"Nafagia."
"Haya. Fagia."

Kisha, polepole, kama anayesoma anwani:
tone la mafuta, moja, hutengenezi saladi.
Kasha liache lining'inie kwa uzi wake, utikise mkono;
likiporomoka limelegea, likigoma umelikaba,
lishuke kidogo, likome.
Mguu juu. Tunga. Mguu chini.
Ncha zote mbili zishike,
mishono mitatu ya kwanza usiziachie.

Taka-taka-taka-taka.
"Hiyo," akasema, wala hakukata simu.

Nikashona. Mwiba wa sita, wa kumi.
Kwake saa ya ukutani, kwangu sindano.
Kwenye wa kumi na tisa akasema, si kwangu hasa:
"Ludwika naye alitunga mguu ukiwa chini.
Nilidhani ataona mwenyewe."
Sikujibu. Nilikuwa kwenye kona.

Bobini iliisha mwiba wa ishirini na saba.
Sikujua. Sindano ilizidi kwenda,
ikitoboa, ikitoboa, haishiki chochote,
na sikioni mwangu sauti ilikuwa ileile.
Otylia, upande wa pili wa mji,
kwa sikio moja:
"Simama hapo."