Mng'ongo au Muumbu

Julai, mlima wa mawe juu ya Kayenze.
Tumepewa daftari, nusu debe la rangi nyeupe
na agizo moja: kila mti na jina lake.
Siku ya kwanza nikaandika mng'ongo, mng'ongo, mng'ongo,
mistari arobaini na mmoja
kwa mwandiko wa mtu asiye na shaka.

Kumbe wengine ni muumbu.

Kiangazi huivua miti nguo,
na miti ikiwa uchi ni kama watu wanaooga ziwani:
hujui yupi mwalimu, yupi mvua dagaa,
mpaka kila mmoja arudie shati lake.
Gome la kijivu, gome la kijivu.
Vitawi vinene hadi nchani, kama vidole vilivyovimba.
Kwilasa aliapa anaitambua yote kwa kuitupia jicho tu.

Kwilasa huyohuyo
aliona mtambaazi umejisokota juu ya jiwe,
majani yaliyosalia yamekaa matatumatatu
kama kunde za shambani kwao Sengerema.
"Kunde mwitu," akasema, "nitampelekea mke wangu mbegu,"
akalivuta ganda lenye manyoya ya rangi ya dhahabu,
laini kama sikio la mtoto wa paka.

Upupu.

Sitasimulia alivyocheza.
Wachunga mbuzi walisimama kumtazama,
mmoja akapiga makofi kufuata mdundo.
Akateremka mbio kulielekea ziwa.
Nikapaza sauti: Majivu, Kwilasa! Majivu, na usijikune!
Lakini mtu anayewashwa hana masikio.

Mimi ni Doto.
Kulwa wangu anauza vocha Igoma,
na mara mbili amelipa madeni yangu ya vitumbua
kwa kuwa mdai aliyaamini macho yake.
Mama hajatukosea hata siku moja,
si gizani, si tukiwa tumejifunika gubigubi kwa homa.
Nilimuuliza, unatazama nini?
Akasema: sitazami.
Nasikia mnavyoitua sufuria.

Siku ya nne nikaacha kutazama juu.
Nikapiga magoti chini ya namba kumi na saba,
nikafukua takataka kwa kijiti
(kijiti, si mkono; ganda la upupu likifa
manyoya yake bado yana kazi),
nikaokota kokwa.
Nzito, ngumu kama kokoto,
na macho matatu yaliyofungwa kwa vifuniko vidogo.
Mng'ongo. Safari hii kweli.

Chini ya namba kumi na nane nikafukua pia.
Kinyesi cha pimbi. Kizibo cha soda.
Nikazunguka upande wa pili. Hakuna.
Nikakaa kitako kwenye jiwe la moto, kalamu mdomoni,
huku ziwa likimeta chini kule kama halinijui,
kisha nikaandika: labda muumbu.

Bwana Mayunga wa misitu
alilipigia lile "labda" mstari mwekundu.
"Binti, serikali haina mti unaoitwa Labda."
Nikamwambia basi tungoje mvua.
Akasema bajeti haingoji mvua.
Akaufuta yeye mwenyewe, akajaza alivyopenda,
na mti ule sasa una jina ofisini.

Kwilasa amepona. Ila mkewe ananiambia
kila akipakuliwa kunde huuliza kwanza
zimechumwa wapi, na nani, na alivaa nini.

Novemba nikapanda tena, Jumamosi, bila posho.
Mlima wote umevaa.
Namba kumi na nane, rangi yetu bado haijafutika,
imechipua majani mabichi yanayong'aa.
Nikachuma moja, nikalivunja, nikalinusa,
nikacheka peke yangu hadi pimbi wakaingia mapangoni.

Sikuambii.
Panda mwenyewe. Vaa mikono mirefu,
na ukiona kunde mahali ambapo hakuna aliyelima,
pita mbali.