Doti ya Tano

Mtihani unataka athari sita.
Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, hapa Mpwapwa,
huziandika kama orodha ya kwenda gengeni:
moja, kupungua kwa nguvukazi; mbili, vita; tatu, hofu.
Nami husahihisha kwa wino mwekundu, alama moja moja,
upepo wa Kiboriani ukimwaga vumbi kwenye madaftari.

Jumanne tulikuwa Karolina.
Nilichora ubaoni pwani yenye vinamasi,
nikasema: hapa Waingereza walitaka mpunga,
na kwa kuwa hawakuujua mpunga
waliwanunua waliojua.
Kisha nili. Kisha, koloni lilipokwisha
na utumwa usikwishe, pamba.
Chaki ikakatika kwenye neno hilo.

Chedego wa dawati la nyuma,
ambaye mama yake hushona sare zetu kwa mkopo,
akanyoosha mkono:
"Pamba yote hiyo, Mwalimu, ilivaliwa na nani?"
Nikasema, swali zuri, tutalirudia.
Sikulirudia.

Nyumbani nina sanduku la bati la marehemu mama.
Chini kabisa, chini ya vyeti vya ubatizo,
imelala merikani.
Merikani: neno tunalolitamka
kana kwamba halina kwao.

Ilichumwa na vidole vilivyonunuliwa,
ikafumwa kaskazini, mjini kwa watu
waliofunga viwanda Jumapili wakaenda kuomba,
ikavuka bahari mbili hadi Unguja,
ikapanda bara vichwani mwa wapagazi,
ikafika hapa kwa marobota
ikamkuta Lemutu Mbeleje, baba wa babu yangu,
muuza uwele na maji ya kisima.

Msafara mwingine ukaja kutoka magharibi,
na pembe, na watu.
Palikuwa na msichana, mguu umevimba.
Mwenye msafara alitaka doti tano.
Lemutu akautazama mguu.
Akasema nne.

Kwetu hii ni hadithi ya kuchekesha,
jinsi mzee alivyojua kupatana bei.
Mama akiisimulia aliigiza na mkono:
vidole vinne juu, kidole gumba kimekunjwa.
Tulicheka hadi mlenda ukapoa.
Hakuna aliyesema msichana alikuwa akitazama wapi.

Walimwita Nyamate.
Jina alilotoka nalo lilibaki Marenga Mkali,
au nyuma zaidi.
Alizaa saba. Wa mwisho ni babu.
Akiombwa kuhesabu mbuzi, wanasema,
alihesabu hadi nne, akaanza upya.

Kwa hiyo wote wamo humu kifuani:
aliyekunja kidole
na aliyehesabiwa.
Doti nne ni mikono thelathini na miwili,
sawa na meno ya mtu mzima.
Nimeyahesabu kwa ulimi usiku, nikikosa usingizi.
Yangu yamepungua mawili.

Hii sandukuni ndiyo ya tano,
ile aliyoiokoa.
Haikuvaliwa na yeyote, haikuzikiwa yeyote.
Ina rangi ya maziwa yaliyolala,
na pembeni muhuri wa buluu, herufi mbili za kigeni;
zilizobaki zililiwa na panya.
Sijui ni vidole vya nani vilivyoichuma.
Wala wao hawakujua pamba inakwenda
kupimwa dhidi ya mguu wa nani.

Alhamisi nitaipeleka darasani.
Chedego atashika ncha moja, nami nyingine,
tuivute kutoka ubaoni kuelekea mlangoni
tuone inakomea wapi.
Mtoto wa fundi anajua kushika kitambaa.
Leo jioni nimejaribu mwenyewe, kwa vidole vinne,
kama mama alivyoigiza.
Ikaniponyoka, ikaanguka sakafuni.
Nguo haishikiki
bila kukunjua kidole gumba.